Hazadi Kwenye Kona ya Tangi

Mimi ni mtu wa hasira, na sikatai. Mtaa mzima wa Kaloleni, Nairobi, unajua, na dadangu Phelister huwaonya wageni kabla hawajabisha mlango wangu: "Okumu akiwa kwenye gemu, msimsalimie." Lakini hasira yangu ina sababu. Sababu kubwa ni watu wanaoingia kwenye gemu ya magari mtandaoni na kudhani barabara ni ya baba yao.

Drifti si mbio. Hapo ndipo wengi hupotea. Kwenye mbio unashinda kwa kufika mbele, basi. Kwenye drifti ya watu wawili hakuna kumtoroka mwenzako. Mmoja anaongoza, gari limelala kiubavu kona baada ya kona, tairi za nyuma zikitoa moshi. Wa pili anamfuata akiteleza vilevile, pua ya gari lake karibu kabisa na mlango wa mwenzake, na asiguse. Wa mbele akigeuza upande, wa nyuma anageuza papo hapo. Wakimaliza wanabadilishana, aliyefuata anaongoza. Ikifanywa vizuri unasahau kupumua. Ikifanywa vibaya ni ajali tu, na mimi napiga kelele mpaka jirani yangu Mama Eve anagonga ukuta.

Gemu yenyewe hutoa pointi, namba kubwa kubwa zinazopanda pembeni mwa skrini kadiri unavyoteleza bila kunyoosha gari. Vijana wakiziona wanapagawa. Mtu atazungukazunguka mahali pamoja apate pointi milioni, halafu anakuja kutujigambia. Sisi wa Kona Safi, hilo ndilo jina la kundi letu, tunazizima hizo namba. Tuna majaji watatu, watu wenye macho. Wa mbele anapimwa njia aliyopita, gari limelala kiasi gani, na kasi aliyoingia nayo. Wa nyuma anapimwa ukaribu, na kama amemwiga mwenzake au amejifanyia yake. Ukimgusa wa mbele akayumba, una sifuri, hata kama uliendesha kwa maajabu.

Halafu kuna adabu. Ukiingia kwenye lobi, kile chumba cha mtandaoni tunakokutana, unasalimia. Hukatizi mbele ya watu wawili wanaoteleza. Wa mbele hapigi breki ghafla ili kumtega wa nyuma. Ukimzungusha mwenzako kwa bahati mbaya, hukimbii. Unasimama kando, unawasha hazadi, zile taa za manjano za kumeta, unamngoja ageuze gari lake, na unasema samahani kwenye maiki kila mtu asikie. Na mwisho wa kila raundi kuna swali moja. Majaji wakishampa Winny kura zao kwa siri, Winny anamwuliza kila dereva: "Safi?" Huyo Winny ndiye jaji mkuu, msichana wa Makongeni ambaye sauti yake haipandi hata nyumba ikiungua. Ukijibu "safi," umekubali kwamba mmeendesha kwa haki. Mmoja wenu akijibu "si safi," raundi inarudiwa na kura zile zinatupwa bila kusomwa. Mpaka siku hiyo, neno hilo lilikuwa limesemwa na walalamishi tu, mtu akiona ameshindwa anatafuta pa kujificha.

Basi Jumapili hiyo ilikuwa ya kiti cha tano. Timu yetu ya Nairobi ina viti vitano, na mwezi uliofuata ilikuwa iende Mombasa kukutana na wenzetu wa huko, ana kwa ana, ukumbi mmoja, jezi zenye majina mgongoni. Viti vinne vilikuwa vimepata wenyewe. Cha tano kilibaki kati yangu na Hikma.

Nilikitaka kile kiti, jamani. Mimi hubeba mizigo kwenye ghala moja huko Industrial Area, siku kuna kazi na siku hakuna, na nimefika umri ambao vijana kwenye lobi huniita mzee bila kutania. Misimu miwili mfululizo nilikuwa nimeishia mlangoni pa timu hiyo. Jezi nilikuwa nimeshaiona kichwani: OKUMU, herufi kubwa, nyeupe.

Hikma naye alikitaka, na haikuwa siri. Ni msichana wa Ziwani, wa familia ya Waswahili waliohamia mtaa huo tangu enzi za babu yake, na anamsaidia ami yake, Abdurahim, kuuza dukani. Runinga wameitundika juu ya rafu ya sabuni. Wateja wakipungua anashika pedi, kile kidude cha mkononi chenye vitufe vya kuchezea gemu. Sikiliza vizuri, nimesema pedi. Sisi wengine tuna stelingi na pedali za miguu. Yangu nimeifunga kwenye meza kwa vyuma, huwezi kuing'oa hata ukija na nyundo. Hikma anaendesha kwa vidole gumba viwili. Walikuwepo waliosema mtu wa pedi hana lake kwenye timu. Mimi sikusema, kwa sababu nilikuwa nimeshamfuata nikaona.

Anapoingia kona hana papara. Gari linalala mapema, kabla hujatarajia, na likishalala halitafutitafuti njia, njia ameshaiona. Stelingi yangu hutetemeka mikononi ikaniambia tairi zinafanya nini. Pedi yake ile ya zamani haimwambii kitu. Siku moja nilimwuliza anajuaje, akanijibu, "Kaka Okumu, mimi nasikiliza. Tairi ikikaribia kuachia hubadilisha sauti." Nilikaa wiki nzima nikisikiliza tairi zangu, sikusikia chochote isipokuwa Mama Eve. Na jambo lingine: Januari alikuwa aende chuo Eldoret kusomea uuguzi. Kwa hiyo msimu ule ndio uliokuwa wake, hakuna mwingine.

Fainali ilikuwa ya raundi mbili, mchana, kundi zima liko lobini linatazama. Raundi ya kwanza Hikma aliongoza, mimi nikafuata. Nilimganda vizuri sana, wacha nijisifu. Tulipoulizwa, wote tulisema safi. Raundi ya pili nikaongoza mimi. Niliingia kona ya kwanza kwa kasi ambayo sikuwahi kuithubutu, na kwenye kioo nikaona taa zake zimenijaa, karibu mno, hazigusi. Kona ya tatu, ya nne. Tukafika Kona ya Tangi. Tuliipa jina hilo kwa sababu ya tangi la maji lililochorwa kando yake, na ndiyo kona ngumu kuliko zote. Nikalaza gari. Ilikuwa inaenda vizuri, naapa, ilikuwa ndiyo raundi nzuri kuliko zote maishani mwangu.

Skrini ikawa nyeusi. Feni ya mashine ikanyamaza. Nikabaki nimeshika stelingi ya kitu ambacho hakipo.

"Okumu!" Mama Eve akaniita kupitia ukuta. "Stima imeenda!"

"Imeenda wapi? Umeipeleka wapi?"

"Mimi? Nilikuwa napiga pasi yunifomu tu."

"Tu?"

"Na maharagwe yako kwenye jiko la koili."

Pasi na koili! Kwa pamoja! Na mita yetu ni moja, na asubuhi nilimwomba kwa unyenyekevu wote nilio nao, ambao si mwingi, kwamba leo atumie jiko la makaa. Akaniambia sawa, Okumu. Sawa hiyo ndiyo iliyomaliza tokeni zote, ile stima tunayoilipia kabla ya kuitumia.

Nikatoa simu nikanunua nyingine. Meseji ikachelewa, kama kawaida yake siku una haraka. Ilipoingia nikakimbia kwenye mita, nikabonyeza nambari zote ndefu zile, mita ikakataa. Nikarudia. Ikakataa. Nikaitukana. Nikarudia polepole, kwa kidole kimoja, mita ikakataa tena, na hapo ndipo nilipoisoma meseji vizuri. Mita iliyoandikwa haikuwa yetu. Ilikuwa ya Phelister. Kila mwezi mimi ndiye humnunulia, na simu yangu imeizoea nambari yake. Nilikuwa nimemtilia dadangu stima huko kwake Umoja, amekaa raha mustarehe, hajui hata kuna fainali.

"Mwambie basi atupikie haya maharagwe," Mama Eve akasema nilipomweleza pale kwenye mita, na akacheka. Sijui nilimtazama vipi, kwa sababu aliacha kucheka, akatoa simu yake mwenyewe akanunua tokeni.

Nilijua yameisha. Sheria yetu iko wazi: dereva akipotea mtandaoni, aliyebaki anamaliza raundi peke yake, na akivuka mstari ameshinda. Kutoka Kona ya Tangi zimebaki kona mbili. Hata ami Abdurahim, ambaye hajawahi kushika pedi, angezimaliza. Stima iliporudi niliwasha mashine ili niseme hongera tu, kwa maana kupotea kimya baada ya kushindwa ni utovu wa adabu, na mimi ninayewagombeza wenzangu siwezi kufanya hivyo. Mashine nayo ikaanza kunihoji kwa nini imezimwa vibaya, ijikague kwanza. Nikaiacha ijikague. Nilikuwa na uchungu wa kulia.

Lobi ikafunguka, nikashangaa kimya. Kundi letu halijui kunyamaza. Magari yote yalikuwa yamepangwa kando ya barabara, taa zimewashwa, hakuna anayeenda popote. Na pale Kona ya Tangi, mahali pale pale nilipopotelea, gari la Hikma lilikuwa linazunguka. Duara moja dogo, tairi za nyuma zikilia, hazadi zinameta manjano ndani ya moshi. Likazunguka, likazunguka. Halikutoka nje ya duara lake hata kidogo, na katikati ya duara hapakuwa na kitu. Ilikuwa nafasi yangu.

"Karibu, Okumu," Winny akasema. "Mwenzako anakungoja."

"Ananingoja? Kwani hakumaliza?"

"Nilimwambia amalize. Nikamsomea na sheria. Akaniambia hazadi ameshawasha."

Nikauliza kwa nini anazunguka, na nikajua jibu kabla sijamaliza swali. Gemu humtoa mtu aliyesimama bila kufanya kitu. Angesimama angetolewa, raundi ifungwe, kiti kiwe chake. Angekwenda gereji, raundi ifungwe vilevile. Njia pekee ya kuniwekea nafasi yangu ilikuwa kutosimama. Na alikuwa hajasimama muda wote ule wa meseji, na mita, na stima ya Phelister, na mashine kujikagua, kwa pedi ya zamani, vidole gumba viwili.

Kupitia maiki yake nilisikia duka. Mtu alitaka sukari nusu. Ami Abdurahim akasema, "Hikma, hilo gari limeharibika? Mbona haliendi mbele?"

"Halijaharibika, ami. Namngoja mtu."

"Basi endelea, mwanangu. Sukari nitapima mimi."

Machozi yalinitoka, na sioni haya kusema. Nimefanya kazi na watu wazima ambao hawawezi kukushikia nafasi kwenye foleni ya chai. Nikasogeza gari langu mpaka pale katikati, akapanua duara lake kunipisha, kisha akasimama nyuma yangu taratibu, mahali alipokuwa wakati stima inaenda.

"Hikma, mbona hukumaliza?"

"Tulianza wawili, kaka."

Nitakuambia nilichowaza, na ungewaza hivyo hivyo. Niliwaza nimwachie. Niingie kona vibaya kidogo, niyumbe, achukue kiti chake aende nacho. Lakini labda kuna kitu alisikia kwenye pumzi yangu, maana huyu mtoto husikia kila kitu.

"Na kaka Okumu," akasema, "ukinilegezea nitajua. Sikukungoja uje unipe. Nimekungoja uje uendeshe."

Lo! Mimi, Okumu, nikaambiwa hivyo mbele ya lobi nzima. Damu ikanichemka, na ilikuwa dawa niliyoihitaji. Tukarudi mwanzo wa barabara, Winny akahesabu, nikaondoka.

Niliendesha kwa ukali wote nilionao. Sikumwonea huruma. Kona ya kwanza niliingia kwa kasi kuliko mara ya kwanza, na nilipotupa jicho kwenye kioo alikuwepo. Ya tatu, yupo. Kona ya Tangi nililaza gari mpaka bampa ya nyuma ikapangusa ukuta, na bado taa zake zilikuwa mlangoni mwangu, zimetulia. Kona ya mwisho tu ndiyo aliyotoka nje kidogo, kama mtu aliyejikwaa, akajirudisha. Tukavuka mstari. Lobi ikalipuka kwa kelele. Nikajua majaji wanampa Winny kura zao kwa siri, na moyo ukaniambia: ile kona ya mwisho imekupa, Okumu. Jezi ni yako.

"Okumu," Winny akaniuliza, "safi?"

Neno lilikuwa ulimini. Nilikuwa nimegeuza kamera ya gemu ili nione magari yote mawili kwa pamoja, kwa ajili ya picha, ni tabia yangu. Hapo nikaona barabara. Alama za tairi zangu zilikuwa nyeusi tii kutoka kona mpaka mstarini. Za Hikma zilikuwa kijivu, nyembamba, mahali pengine hazipo kabisa. Nikasogeza kamera karibu na tairi zake za nyuma. Jamani! Hazikuwa tairi. Zilikuwa zimelika mpaka nyuzi za ndani zinaonekana.

Nilijishika kichwa. Bila shaka zimelika! Amezunguka juu ya lami muda wote ule, tairi gani ingebaki? Na gereji hakuweza kwenda, kwa sababu raundi ingefungwa. Mimi niliyetoka nikarudi, gemu ilinipa gari upya, tairi mpya kabisa. Nilipokuwa nikijivunia kasi yangu, yeye alikuwa akinifuata kwa miguu mitupu. Na hakusema. Angesema neno moja tu niliporudi, Winny angemruhusu abadilishe. Lakini watu walikuwa wamengoja sana, na Hikma hataki kuwa mtu wa kuongeza maneno.

"Okumu," Winny akarudia. "Safi?"

"Si safi."

Ungesikia kelele! Obonyo, mmoja wa majaji, mtu wa Bahati asiyejua kunong'ona, akapaza sauti: "Mzee ameanza! Amengojwa mchana kutwa halafu analalamika!" Mwingine akasema sina haya. Mwingine akataja mambo ya mama yangu, na huyo nilimjua kwa sauti, nitamfikia. Katikati ya hayo yote nikasikia sauti ndogo.

"Nimekugusa, kaka? Samahani. Mimi sikuona."

"Hujanigusa!" nikapiga kelele. "Hujanigusa hata rangi! Nyinyi, nyamazeni! Mimi ndiye si safi. Angalieni tairi zake. Angalieni zangu. Mnataka niende Mombasa nikaseme nilimshinda nani? Aende gereji, avae tairi, turudie."

Wakaangalia. Nilijua wameangalia kwa sababu kelele ziliisha moja moja, Obonyo wa mwisho.

"Kaka, si lazima," Hikma akasema.

"Hazadi zangu nimeshawasha," nikamwambia. Na kweli nilikuwa nimeziwasha.

Winny akasema kura zimetupwa. Hikma akaenda gereji, akarudi. Tukaanza.

Sasa nikueleze nini? Nilidhani nimeshamwona Hikma akiendesha. Sikuwa nimemwona. Nilipolaza gari, lake lilikuwa limeshalala. Nilipogeuza upande sikuweza kusema nani ametangulia kugeuza. Pale Kona ya Tangi alinisogelea mpaka nikaona chapa ya gari lake imejaa kwenye dirisha langu la ubavuni, na ikakaa hapo kona nzima, haisogei, haitetemeki. Niliongeza kasi, akaongeza. Nilijaribu kila kitu halali ninachokijua, na mimi navijua vingi. Nikajikuta nacheka peke yangu kwa furaha, Mama Eve akagonga ukuta kuuliza kama niko sawa. Tulipovuka mstari niliulizwa, nikasema safi kabla Winny hajamaliza neno.

Kura zilisomwa. Raundi ya kwanza majaji waligawanyika, mmoja wangu, mmoja wake, wa tatu sare. Ya pili zote tatu zilikuwa za Hikma. Kwenye maiki yake nikasikia duka zima linapiga vigelegele, pamoja na watu waliokuja kununua mkate tu, na ami Abdurahim akiuliza, "Ameshinda? Kwa hiyo yule mtu alikuja?"

Usidhani haikuniuma. Iliniuma. Nilizima mashine, nikala maharagwe ya Mama Eve, aliniletea bakuli zima, na nikalala mapema. Siku zilizofuata nikibeba magunia pale ghalani nilikuwa na kitu kimoja cha kunifariji. Nilijiambia: Okumu, kile kiti ulikuwa umeshakipata. Kura za raundi ya tairi zilizolika zilikuwa zako, kila mtu aliona ile kona ya mwisho. Ulikiacha mwenyewe, kama mtu mzima. Nikawa natembea wima. Phelister akaniuliza kwa nini siku hizi nasalimia watu.

Wiki ya safari tulikutana kwenye ukumbi wa Kaloleni kuwaaga. Jezi zilikuwa zimefika, na Hikma alikuwa ameivaa yake juu ya buibui, HIKMA, herufi kubwa, nyeupe, anajaribu kujiona mgongo na hawezi. Nilifurahi, kweli kabisa. Nikamvuta Winny kando, karibu na dirisha.

"Winny, najua kura zikitupwa hazisomwi. Lakini nambie tu, mimi na wewe. Ile ya tairi mbovu. Ilikuwa yangu, sivyo?"

"Unataka kweli, Okumu?"

"Nataka."

Sauti yake haikupanda, kama kawaida. "Zote tatu zilikuwa zake."

"Na zile tairi?"

"Na zile tairi."

Nilipiga ukelele uliogeuza vichwa vya ukumbi mzima. Nilicheka mpaka nikashika dirisha. Hikma akaja mbio, jezi inampwaya, akidhani nimepatwa na jambo.

"Kuna nini, kaka Okumu?"

"Hakuna kitu," nikamwambia, nikifuta macho. "Geuka nikuone mgongo."